Kati ya Wembe na Jiwe

Chini ya vilima vya Ardennes, nchini Ubelgiji, karibu na mji mdogo wa Vielsalm, kuna matabaka membamba ya jiwe la manjano iliyopauka liitwalo kotikule. Vinyozi wa Ulaya wamelinolea nyembe zao vizazi na vizazi. Siri yake ni punje za garneti zilizojaa ndani yake: ndogo hata jicho halizioni, lakini ngumu kiasi cha kukwangua chuma.

Likiloweshwa maji matupu, jiwe hili hukwangua taratibu mno. Ndiyo maana mnoaji huchukua kipande kidogo cha jiwe lilelile, akakisugua juu ya kinoo mpaka maji yawe rojo jeupe kama maziwa. Garneti zimeshang'oka, zinabingirika, zinakula chuma upesi. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Husukumwa makali yakitangulia, ukageuzwa kwa mgongo, ukarudishwa.

Lakini rojo hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Makali yanapolipasua, punje zilezile huyagonga na kuyafanya butu kidogo, kwa hiyo rojo zito haliwezi kuyafikisha kileleni. Mnoaji hudondosha tone la maji, akapitisha wembe mara chache, akaongeza jingine, mpaka yabaki maji safi. Vidole ndivyo vinavyompa habari: wembe uliokuwa ukiteleza sasa unanata jiweni, na maji yanapanda juu ya ubapa wake.

Baada ya hapo, wapo wanaomalizia kwa povu la sabuni ya kunyolea. Povu hutenda kinyume cha rojo: hulainisha njia, huupunguzia wembe uzito, hulizuia jiwe lisiume kwa pupa. Mipito michache myepesi, kisha wembe huenda kwenye ukanda wa ngozi.

Naistahi kazi hii kwa sababu jiwe ni lilelile na wembe ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni utando mwembamba ulio katikati, na mkono unaojua lini ulichochee jiwe na lini ulitulize. Aliyenunua jiwe ghali amenunua nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutambua wakati wa kuongeza maji, nayo haipatikani ila kwa kunoa.