Amri Katika Mashua ya Starehe

Cheo cha nahodha katika mashua ya matanga ya starehe huonekana kama pambo tu. Waliomo ni marafiki, hakuna alipwaye, na pengine mwenye mashua ndiye aliyewaalika wote. Kwa nini mmoja awaamuru wenziwe? Lakini kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini haziachi nje chombo cha tafrija. Kanuni ya pili haimwondolei dhima ya uzembe mwenye chombo, nahodha wala mabaharia, na inawataja mmoja mmoja, maana kumiliki mashua si kuiongoza. Mwenye mali akiona mgeni wake ni stadi zaidi, amkabidhi amri kabla ya kung'oa nanga, wote wakisikia.

Ufundi ninaousifu hapa ni wa kuamua mapema. Agosti 1979, mashua 303 ziliondoka Cowes, Uingereza, katika mashindano ya kuuzunguka mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Dhoruba iliwaua washindani 15. Mashua 24 zilihamwa na mabaharia wake, na kati ya hizo 5 tu ndizo zilizozama. Baadhi ya waliohama walifia kwenye maboya ya uokozi yaliyoharibika, huku chombo walichokiacha kingali kinaelea. Sithubutu kuwahukumu watu wa usiku ule nikiwa nchi kavu. Ila hesabu hiyo yaonyesha uzito wa neno moja la nahodha: tuhame, au tubaki. Neno hilo huandaliwa saa nyingi kabla, kwa kupunguza tanga upepo ungali mzuri, kugawa zamu ili watu walale, kumtaja atakayeshika amri nahodha akianguka majini, na hata kukataa kutoka bandarini.

Wapo wasemao kwamba amri ya mmoja huzaa kiburi, na mgeni aliyeona hatari hunyamaza. Ni kweli, hutokea. Lakini wahenga waliposema manahodha wengi chombo huenda mrama, hawakuyakataa macho mengi. Kanuni ya tano yenyewe hudai ulinzi wa macho na masikio wakati wote. Nahodha mwema humuuliza hata aliyepanda mashua leo kwa mara ya kwanza. Akishawasikiliza wote, huamua mwenyewe, na mtu akiumia hawezi kujitetea kwamba walipiga kura.