Uhakiki wa Dungu

Kwa miaka mingi nimesomesha fasihi, na kazi hiyo imenipa tabia moja isiyokuwa nzuri: kila nikionacho nakigawa mafungu mawili, fani huku na maudhui kule. Nimeugawa hivyo utenzi, riwaya na tamthilia, na mara nyengine hata hotuba za harusini. Lakini sijapata kusoma, wala kuandika, uhakiki wa dungu. Leo nataka kulihakiki, kwa sababu nilijenga moja bovu kisha nikasaidia kujenga moja zuri, na tofauti baina ya mawili hayo imenifunza juu ya kazi yangu jambo ambalo vitabu havikunifunza.

Kwa msomaji aliyezaliwa na kukulia mjini, dungu ni kibanda kilichonyanyuliwa juu ya miti, katikati ya konde au pembeni mwake, mahali anapokaa mwamizi kulinda mpunga. Mchana adui ni ndege wadogo, mnana na wenzake. Usiku ni nguruwe, na katika mabonde yenye maji, kama bonde la Cheju katika Wilaya ya Kati ya Unguja, huongezeka bata mwitu, wale wenye uso mweupe ambao wakiruka hupiga mluzi mwembamba kama watoto wanaoitana gizani. Zamani mlinzi wa mpunga na msasi wa bata alikuwa mtu mmoja, na dungu hilo hilo ndilo lililokuwa maficho yake. Usasi leo una sheria, ile Namba 10 ya 1996 ya misitu na uhifadhi wake. Ami yangu, ambaye ndiye mwalimu wangu katika habari hii, aliuacha siku nyingi, lakini elimu ya kujificha hakuiacha.

Kazi ya dungu, basi, ni kuona bila ya kuonekana. Hayo ndiyo maudhui yake. Yaliyobaki, nguzo, fito, makuti na kamba, ni fani.

Nilijenga langu Juni ya 2020. Skuli zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, nami nikaondoka mjini nikaenda kukaa kwa ami. Mpunga ulikuwa umeshatia maziwa na bata walikuwa wameshauzowea. Dungu la ami la mwaka uliopita lilikuwa limeoza na yeye mwenyewe mguu ulikuwa ukimsumbua, nikasema mimi nitajenga. Nilikwenda na mawazo ya mtu wa mjini, kuwa kitu kizuri huonekana kwamba ni kizuri. Nilinunua mbao mpya. Nilifunga kwa kamba ya nailoni. Juu nikatandika turubali la buluu lisilovuja, na ngazi nikaipigilia misumari. Lilisimama futi nane kutoka ardhini, na watu waliokuwa wakipita njiani walisimama wakalisifu. Nakiri kwamba nilifurahi.

Usiku wa mwanzo bata walikuja, wakazunguka mara mbili juu ya majaruba yetu, wakapiga mluzi, kisha wakatua katika konde la jirani, mama mmoja mjane asiyekuwa na mtu wa kumkesheshea. Usiku wa pili vivyo hivyo. Nilijiona mshindi, hata asubuhi ya tatu nilipomkuta yule mama ameinama katika jaruba lake, anainua mashuke yaliyolala majini moja baada ya moja. Hakunambia neno ila kunijibu salamu. Dungu langu halikuwa limewafukuza bata; lilikuwa limewapeleka kwake.

Na baada ya juma moja hata faida hiyo iliniishia. Bata walirudi kwetu. Turubali lilikuwa likipigwapiga na upepo usiku kucha, nisiweze kusikia mluzi wala kishindo cha maji, na kuta nilizozijenga ili zinikinge na baridi zilinikinga pia nisione. Nilikuwa nikikesha ndani ya sanduku, na bata wakila chini yake.

"Ami," nilimuuliza, "limekosa nini?"

"Halikukosa kitu, mwanangu. Limezidi," alinijibu. Kisha akanieleza, kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto njia ya chuoni. "Bata hajui mti wala mtu. Anajua kilichokuwepo jana na kisichokuwepo jana. Wewe umemtisha kwa upya, na upya hauwi siku saba. Dungu hujengwa kiangazi, konde likiwa kavu, hapana mpunga wala maji. Likae. Linyeshewe, lipigwe jua, kunguru watue juu yake. Bata wakija walikute liko, walihisabu ni kichaka. Halafu siku utakayonyanyuka humo ukapiga debe, watakaloliogopa si dungu tena. Wataogopa mahali."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Nimehakiki vitabu vingi vilivyokuwa kama dungu langu. Vilitoka kwa kishindo, vikatutisha kwa upya wa mtindo, tukavisifu njiani tukipita, na baada ya msimu mmoja bata wakawa wanakula chini yake. Na mimi mhakiki sikuwa mbali na kosa hilo, maana kawaida yangu ilikuwa kufika wakati wa mavuno, kutazama kilichosimama na kutoa hukumu. Sikuwa na mazowea ya kuuliza kilijengwa lini, wala kwa ajili ya nani.

Kiangazi kilichofuata, Januari ya 2021, nilirudi Cheju mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki ili kumsaidia ami kujenga. Huku nyuma mjini hapakuwa na mazungumzo ila ya Beit al-Ajaib, lililoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na maisha ya watu yakapotea. Kila baraza ya Mji Mkongwe ilikuwa na mhandisi wake. Jumba lile la Sayyid Barghash, la 1883, lilikuwa limeshaanguka sehemu ya roshani zake tangu 2012, na nyufa zake zilikuwa zikionekana na kila mpita njia wa Forodhani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema, na methali hiyo tuliisoma sote skuli. Nilipokuwa nikitoka katika mazungumzo yale na kwenda kumshikia ami nguzo, sikuweza kuacha kulinganisha.

Na mlinganisho wenyewe si wa kulazimisha. Nyumba za mawe za mjini zimeezekwa kwa boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba: mti wa pwani ndio uliompimia tajiri upana wa ukumbi wake. Dungu la ami lilisimama juu ya boriti za aina hiyo hiyo. Na zile roshani za mjini zenye mbao za matundu matundu, ambazo ndani yake wanawake waliutazama mtaa bila ya mtaa kuwatazama wao, zilikuwa zikifanya kazi ya dungu. Wanaosema kwamba usanifu wa Unguja unaishia Mji Mkongwe hawajapanda dungu.

Tofauti ni katika kufa. Jumba la mawe hujengwa kwa tamaa ya kudumu, na kwa hivyo aliyelirithi hudhani kuwa limeshamalizika. Dungu hujulikana tangu siku ya mwanzo kwamba litaoza, na kwa hivyo elimu ya kulijenga haiozi, maana kila kiangazi lazima ifanywe upya.

Sasa niitazame fani yake. Nguzo nne, mbili zikiwa na panda juu, zilichimbiwa mkono mmoja kwenda chini wakati ardhi ikiwa ngumu; ami alisema nguzo iliyochimbiwa matopeni hukumbuka matope. Hapana msumari hata mmoja. Kila kiungo kilifungwa kwa kamba ya makumbi, ambayo ikirowa hukaza, wakati nailoni yangu ilikuwa ikiteleza. Sakafu ilikuwa ya fito, na paa la makuti ya viungo, lililoshushwa chini sana. Kimo hakikupita futi tano. Ubavu wa kusini ulizibwa wote, wa kaskazini ukaachwa wazi isipokuwa pazia la makuti makavu lenye tundu refu la kutazamia.

Nilidhani upande wa kusini ulizibwa kwa ajili ya mvua. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mpunga wetu huiva katika upepo wa Kusi, na bata, kama ndege wengine wazito, hutua akiukabili upepo. Basi atatoka kaskazini, uso wake ukikuelekea wewe uliye kaskazini ukitazama, na utamwona angali juu. Ubavu mmoja wa makuti ulikuwa unakinga mvua, unaficha kivuli cha mlinzi, na unamfanya ndege aje anapotakiwa. Hapo ndipo mgawo wangu wa fani na maudhui ulipovunjika mikononi mwangu. Sikuweza kusema lile kuti ni la upande gani.

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe, nami nina kasoro mbili za kutaja.

Kasoro ya mwanzo niliiona mimi. Dungu lilipangwa kusimama pale pale lilipokuwa siku zote, katikati ya konde la ami. Nilimkumbusha habari ya mwaka jana na yule mama jirani. Ami alinyamaza, akachora chini kwa ncha ya panga. Kisha akasema twende tukamwamkie. Tukaenda, na tukenda pia kwa jirani wa upande wa pili, na baada ya siku tatu za mazungumzo na chai, tuliamua kulipeleka dungu penye mpaka, mahali yanapokutana makonde matatu. Jambo hilo lisingewezekana Juni. Juni kila mtu anatetea mpunga wake. Kiangazi hapana wa kutetea, makonde ni mavumbi, na watu huweza kusemezana.

Kasoro ya pili sikuiona mimi wala ami. Usiku dungu lilikuwa la watu wazima, lakini mchana mwamizi alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka kumi. Tulipomaliza kufunga pazia tulikaa ndani, tukachungulia, tukaridhika. Naye akapanda, akakaa, akasema: "Babu, mimi siioni Cheju. Naona mawingu." Tundu tulikuwa tumelikata kwa kimo cha jicho la ami. Misimu miwili iliyopita mtoto yule alikuwa akiamia kwa kusimama, akionekana na kila ndege wa bonde zima, na sisi tukimlaumu kwamba halali usingizi wala haangalii. Jengo lililosifiwa kwa kuona bila ya kuonekana, aliyekaa ndani yake muda mrefu kuliko wote hakuwa akiona, na alikuwa akionekana. Hatukuwahi kumuuliza.

Tulikata tundu la pili, chini ya la kwanza.

Hapo likaja swali zito kuliko la tundu. Mwaka 2020 mtoto alikaa dunguni kwa kuwa skuli ilifungwa. Mwaka 2021 skuli ilikuwa wazi, na mpunga haungoji likizo. Hakuna fani ya makuti itakayolijibu swali hilo, na nisingependa msomaji atoke katika insha hii akiwa amependezwa na dungu hata akasahau nani hukaa ndani yake. Wapo watu wazima wengi wa mashamba ya Unguja watakaokwambia kuwa hesabu iliwapita wakiwa juu ya miti, wakipiga makopo. Kwa vile dungu lilikuwa sasa la nyumba tatu, tulipanga zamu, na watu wazima wakachukua asubuhi. Msichana alibakiwa na jioni na siku za mapumziko. Sisemi kuwa zamu haikuvunjwa. Ilivunjwa mara kadhaa, na mara moja niliivunja mimi.

Bata walikuja mwezi wa Juni, kama ami alivyosema, kutoka kaskazini, wakishuka polepole juu ya kichaka walichokwisha kukizowea. Nilikuwa ndani na ami. Aliniwekea mkono begani nisinyanyuke mapema. Walipokaribia maji alipiga debe mara moja tu, na bonde zima likajaa mluzi. Hawakutua kwetu, wala kwa mama jirani, wala kwa yule wa tatu. Mpunga ulioliwa mwaka ule haukukosekana, kwani ndege hawaishi kwa mawaidha, lakini mashuke ya kuinuliwa majini yalikuwa machache.

Masika ya 2022 yalilikuta dungu limeshazeeka. Makuti yalilegea na nguzo moja ikaliwa na mchwa. Boriti zilizokuwa nzima tulikuwa tumeshazing'oa kiangazi, tukazifunga upya palepale mpakani na kuweka makuti mapya. Yule mama jirani ndiye aliyesokota kamba. Kazi ilikwenda upesi kuliko mwaka uliotangulia, isipokuwa pazia, ambalo tulilifungua na kulifunga mara mbili, maana tundu la chini ilibidi tulipandishe. Msichana alikuwa amerefuka.