Tumbaku ya Mapambo Hupimwa Jioni

Anayenunua tumbaku ya mapambo asubuhi hununua rangi tu. Miche mifupi iliyojaa maua mekundu humvuta macho, ilhali Nicotiana alata iliyo pembeni imefumba maua na kuonekana kama imenyauka. Kuikataa kwa sababu hiyo ni kuionea. Mmea huu wa Amerika Kusini huchavushwa na nondo warukao gizani. Ndiyo maana ua lake la asili ni jeupe, lina mrija mrefu, na hunukia jua likishatua. Nicotiana sylvestris ya Ajentina, inayozidi kimo cha mita moja, nayo huning'iniza mashada ya maua meupe yanayonukia usiku. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafuta ni harufu ya jioni. Rangi ije baadaye.

Watetezi wa aina fupi watasema bustani hutazamwa mchana. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa tuta la mbele ya hoteli. Lakini tuangalie rangi hiyo ilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 alata ilichanganywa na Nicotiana forgetiana, yenye maua mekundu yasiyonukia. Machotara wake wakapata rangi nyingi na maua yanayobaki wazi mchana, lakini wengi wakapoteza harufu. Anayetaka rangi peke yake, petunia inamtosha. Wengine hulalamika kwamba mmea mrefu huanguka. Ni kweli, hasa ukikosa jua au ukizidishiwa mbolea ya kukuza majani; ila mti wa kuegemeza na mahali pasipo na upepo mkali huondoa udhia huo.

Mche bora hukaguliwa kwa mkono pia. Majani yawe yametandaa chini, yakinata kidogo ukiyagusa. Mche uliokwisha kuchanua kwenye trei, mara nyingi mizizi yake imebanwa. Pindua jani utafute vidukari na inzi weupe. Ukiona mabaka ya kijani hafifu na kijani kilichokolea, iache trei nzima: huenda ni virusi vya mozaiki, visivyo na dawa, na mikono yako itavipeleka kwenye nyanya na pilipili. Anayeotesha mwenyewe asizifukie mbegu. Ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga. Majani yana sumu, basi yawe mbali na watoto na mifugo. Kitalu kikifungwa kabla ya magharibi, uliza jina la spishi. Muuzaji asiyelijua hawezi kukuhakikishia harufu.