Reli, Saa na Barabara Tupu

Reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilivuka mpaka wa Kongo na kufika Sakania mwaka 1909, kisha mwaka 1910 ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Miongo kadhaa baadaye, upande wa pili wa mpaka, katika miji ya shaba iliyopitiwa na reli, sinema za kauboi zilipata watazamaji wasiozichoka.

Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Luanshya, mmoja wa miji hiyo, mwaka 1953 na 1954, aliwakuta wachimbaji na familia zao wakizishangilia kwa kelele. Shujaa wa farasini walimwita Jeke. Wengi hawakukijua Kiingereza vya kutosha, na hata aliyekijua alishindwa kuyasikia mazungumzo kwa vifijo. Hata hivyo walimfuata Jeke hatua kwa hatua. Sifa ya jambo hilo ni ya mafundi waliopiga na kuunganisha picha: kisa walikiweka mahali ambapo jicho lingekiona.

Katika ufundi huo, filamu ya kauboi High Noon ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, haina mpinzani wa karibu. Kisa chenyewe ni kifupi. Will Kane, mkuu wa polisi katika mji mdogo, ameoa asubuhi hiyo na anaacha kazi. Inakuja habari kwamba Frank Miller, jambazi ambaye Kane alimtia gerezani, atashuka kwenye treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wanamngoja stesheni. Kane anatafuta wasaidizi, kwenye baa, kanisani, majumbani. Kila mtu ana udhuru.

Filamu ina kama dakika 85, na muda wa kisa unakaribia kulingana nazo. Saa za ukutani zinarudi tena na tena. Reli inaonekana imenyooka mpaka upeo wa macho, haina kitu. Floyd Crosby, mpiga picha, aliiacha mbingu iwe nyeupe, kavu, bila mawingu ya kupendeza, na jua likawa adui mwingine wa Kane. Lee Van Cleef, mmoja wa wale watatu, hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, na bado anatisha.

Saa sita inapokaribia, wahariri Elmo Williams na Harry Gerstad wanapanga nyuso za watu wa mji, moja baada ya nyingine, kwa mapigo ya muziki wa Dimitri Tiomkin, mpaka king'ora cha treni kinapozikata zote. Kisha kamera inapanda juu taratibu: Kane yuko peke yake katika barabara tupu. Ni vigumu kutaja picha nyingine ya kauboi inayoueleza upweke wa mwenye wajibu kwa ukamilifu huo. Wahariri hao wawili walipewa Oscar, wakaistahili.

Mwenye projekta Sakania na aitundike shuka nyeupe karibu na stesheni, awaite wazee na vijana, aionyeshe filamu hii. Mkalimani hatahitajika.