Jina Limepatikana, Daktari Je?

Wengi humkumbuka Hilary Mantel kwa riwaya zake nene za Thomas Cromwell, zilizompa tuzo ya Booker mwaka 2009 na tena 2012. Mimi nilimfikia kwa mlango wa nyuma, kupitia kitabu cha maisha yake, Giving Up the Ghost, kilichotoka 2003. Nilikuwa natafuta mtu aliyeandika vizuri kuhusu endometriosisi, na haja yangu ilikuwa ya mgonjwa kabla ya kuwa ya mwanafunzi wa fasihi. Daktari mmoja hapa Dar alikuwa ameliandika neno hilo kwenye faili langu na kuweka alama ya kuuliza mwishoni. Tangu siku hiyo nasoma chochote kinacholitaja, kuanzia miongozo ya kitabibu mpaka mashairi mabaya.

Kisa cha Mantel kinajulikana. Ni msichana anayesomea sheria, anaumwa miguu, anaumwa tumbo. Anakwenda kwa daktari, daktari anampeleka kwa mtaalamu wa akili. Anapewa vidonge vya sonona, halafu vya kutuliza, halafu dawa za watu waliorukwa na akili, na hizo dawa ndizo zinazomfanya aonekane amerukwa na akili kweli. Anashauriwa mpaka aache kuandika. Baadaye anahamia Botswana na mumewe, mwanajiolojia, na huko anafungua kitabu cha tiba na kujikuta humo, dalili kwa dalili. Anarudi London, anapasuliwa akiwa na miaka 27, wanaondoa kizazi na mifuko ya mayai. Maumivu yanarudi hata hivyo.

Nikizungumza na wenzangu waliokisoma, wote wanapenda pale Botswana. Mgonjwa kawashinda madaktari kwa kusoma! Ni tukio tamu kwa watu kama sisi, tunaoamini kwamba kila jambo lina kitabu chake. Ila nadhani tunalisoma vibaya. Kitabu kilimpa Mantel jina la ugonjwa, basi. Hakikumpa tiba. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeshakula miaka yake, na kilichokuwa kimebaki ni kukata na kutoa. Yeye mwenyewe halisimulii tukio hilo kama ushindi. Sisi wasomaji ndio tunaompigia vigelegele.

Nguvu ya kitabu naiona kwingine, kwenye vyumba vya daktari. Mantel anavisimulia kama mazungumzo ambayo kalamu iko kwa mtu mmoja tu. Unachosema kinageuzwa na mwenye kalamu, na kilichoandikwa ndicho kinachokutangulia kwa daktari anayefuata. Hasira ipo, ila imekaushwa, haiombi huruma, na mara nyingine inachekesha. Baada ya kumsoma nililitazama faili langu kwa jicho jipya. UTI, UTI, UTI, vidonda vya tumbo, UTI. Miaka sita ya mwandishi mwenye msamiati mdogo.

Hapo ndipo methali zetu zinanikera kidogo. Mficha uchi hazai, tunaambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zote mbili zinamchukulia mgonjwa kama mtu aliyekaa kimya, na zinamlaumu kwa ukimya huo. Sijaona methali ya mgonjwa aliyesema, akasema tena, akaandikiwa panadoli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani watu milioni 190, na kwamba utambuzi huchukua miaka 4 mpaka 12. Watu wengi kiasi hicho, kwa miaka yote hiyo, hawakuwa wanaficha. Mama mdogo alinipeleka kwa bibi mmoja wa dawa za miti shamba, na yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni chango. Dawa yake haikunisaidia kitu. Lakini neno lake, lenye picha ya kitu kinachoshika tumboni, kinachovuta na kuhama, lilikaribia ukweli wa mwili wangu kuliko UTI. (Na yeye pia alimalizia kwa wimbo ule ule: ukizaa yataisha. Hayaishi kwa kuzaa, na wapo wengi waliozaa wakiwa nayo.)

Nikimweka Njambi Koikai kando ya Mantel naona umbo tofauti kabisa la hadithi. Koikai, mtangazaji wa Kenya na sauti ya reggae iliyojulikana kama Fyah Mummah, hakutuachia kitabu. Simulizi lake liko kwenye mahojiano ya televisheni na kwenye mitandao, kwa Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi, mara nyingine akiwa kitandani. Ugonjwa wake ulikuwa umefika kifuani na mapafu yake yalisinyaa tena na tena. Mwaka 2018, baada ya harambee, alikwenda Atlanta, Marekani, kutibiwa na wataalamu wa ugonjwa huo. Alifariki tarehe 3 Juni 2024.

Namheshimu sana, na kwa sababu hiyo nataka kumsoma kwa makini, si kumwombolezea tu. Harambee ni utanzu, una masharti yake. Lazima pawe na mgonjwa, pawe na kiasi cha fedha, pawe na hospitali yenye jina, ng'ambo ya bahari. Bila mahali pa kwenda hakuna mchango. Kwa hiyo simulizi, hata mwenyewe asipotaka, inaelekea uwanja wa ndege, na daktari bingwa anakuwa kama pepo: yupo, ila si huku. Koikai alijitahidi kuvunja umbo hilo. Aliporudi aliendelea kupaza sauti kwamba wasichana wa Kenya watambuliwe mapema na watibiwe nyumbani. Hata hivyo watu waliomsambaza walipenda zaidi sehemu ya safari. Swali la nani atamshika mgonjwa akisharudi, mwezi wa tatu, mwaka wa pili, halina picha nzuri ya kusambaza.

Maandishi yaliyonifaa zaidi hayana mwandishi. Ni masharti ya chama cha Uingereza cha wapasuaji wa magonjwa ya wanawake, BSGE, ya kukitambua kituo kuwa cha endometriosisi. Yamekauka kama risiti. Kituo kiwe kinafanya upasuaji wa ugonjwa uliokomaa mara kadhaa kila mwaka, na idadi ihesabiwe. Awepo mpasuaji wa utumbo anayefanya kazi bega kwa bega na wa kizazi. Awepo muuguzi maalumu. Wagonjwa wafuatiliwe baada ya kupasuliwa. Nilipoyasoma nilielewa kile ambacho Mantel na Koikai walikuwa wanakizunguka: ubingwa haukai kwenye kibao cha mlangoni. Unakaa kwenye mazoea ya mikono, na kwenye nani amesimama upande wa pili wa meza. Bingwa wa kuzalisha anaweza kuwa hodari kupindukia na asijue kuusoma ugonjwa huu ukiwa nyuma ya kizazi, umeubana utumbo. Ultrasaundi ya kawaida nayo inaweza kutoka safi huku ugonjwa upo.

Shida ni kuyageuza masharti hayo kuwa Kiswahili cha kusemwa mbele ya mtu mzima aliyevaa koti jeupe. Nilipanda ngazi zote, zahanati, hospitali ya wilaya, ya mkoa, barua ya rufaa mkononi, na njia nzima nilikuwa natunga sentensi. "Umefanya ngapi?" ni swali la fundi bomba. "Unachoma au unakata?" ni la mchinjaji. Lugha yetu ina adabu nyingi za kumshukuru daktari na chache mno za kumhoji, na kutonikuta na adabu kungeniponza kuliko ugonjwa. Kwenye foleni dada mmoja aliniuliza kama najiandaa na usaili wa kazi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, binti. Tatizo?"

Nilieleza. Kisha nikasema, samahani daktari, naomba niulize na mimi. Nikauliza yote matatu, kwa sauti iliyokuwa inapungua: ni wagonjwa wangapi wa aina hii amewapasua kwa matundu madogo mwaka huu, huwa anachoma juu juu au anakata mpaka kwenye mzizi, na ukikutwa kwenye utumbo anamwita nani.

Aliweka kalamu chini. "Unasomea udaktari?"

"Hapana, fasihi."

Alinitazama kidogo. "Waliokomaa hivyo, wanne," alisema. "Nakata, sichomi. Ukiwa kwenye utumbo siwezi peke yangu. Nina mwenzangu, na mwenzangu ana siku moja kwa mwezi. Kwa hiyo kwanza tupate MRI, tuone kama tunamhitaji, halafu ndio tuitafute hiyo siku."

Akachukua kalamu, akaifuta ile alama ya kuuliza, na akaandika pembeni yake vitu viwili: MRI, na jina la mwenzake.