Cherehani Iliyopimwa kwa Kilo

Niliikuta juu ya mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, imebanwa kati ya rimu ya baiskeli na sufuria zilizotoboka. Bei yake ilikuwa ya uzito wake tu. Mpini haukuzunguka hata kidogo, na rangi nyeusi ilikuwa imemezwa na masizi. Nilipopangusa kwa kidole, jina la Singer likatokea kwa dhahabu iliyofifia. Nikalipa, nikaibeba begani hadi nyumbani.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Sasa kila Jumamosi meza yangu ya kulia huwa karakana, na sioni kazi nyingine ya mikono inayomlipa mtu raha kubwa hivi kwa bisibisi moja na mswaki uliochakaa.

Cherehani iliyokwama si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ugonjwa wake ni ukarimu wa mtu: alikosa mafuta ya cherehani, akaitia ya nazi au ya kupikia. Siku ile ilikwenda vizuri. Miaka ilipopita mafuta yaligeuka gundi, yakashika kila kiungo. Dawa ni mafuta ya taa na subira. Unadondosha tone katika kila tundu na kila mahali chuma kinaposugua chuma, unaiacha ilale, kesho yake unausukuma mpini kidogo, bila nguvu. Wangu siku ya tatu ulicheza unene wa ukucha. Siku ya tano ulizunguka, nikamwita kila aliyekuwa nyumbani aje kuona.

Rangi nayo ina miiko yake. Usiipake spiriti, kwa maana koti la juu la mashine nyingi za zamani ni vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, nayo huondoka na ile nakshi ya dhahabu.

Nilipofungua bamba lililo juu ya meno nikakuta vumbi la nyuzi limeshindiliana kama sufi: buluu ya sare za shule, nyekundu, nyeupe nyingi, na uzi mmoja wa kijani. Nilikaa nalo kiganjani muda mrefu. Lilikuwa daftari la kazi la fundi nisiyemjua, nguo za watu waliokwishakua.

Chini yake kulikuwa na kile ninachokipenda kuliko vyote. Cherehani za aina hii, Singer 28, hazina bobini ya duara kama za leo. Bobini yake ni nyembamba na ndefu, nayo hukaa ndani ya kikasha cha chuma chenye umbo la mtumbwi, chenye ncha kali mbele. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Inashuka na uzi, inapoanza kupanda uzi unaachia kitanzi kidogo, na hapo mtumbwi unapita katikati ya kitanzi ukivuta uzi wa chini. Mshono umefungwa. Zungusha polepole uone, hakuna kilichofichwa. Waliounda mashine hii walitaka mwenye nayo aifahamu, na heshima hiyo siioni katika vyombo vingi ninavyouziwa leo.

Yangu ilitoka Clydebank, Uskoti, katika kiwanda ambacho mwaka 1913 pekee kilitoa cherehani zaidi ya milioni 1. Kilifungwa 1980. Lakini sindano inayoingia katika mashine hii ni ile ile ya kawaida inayouzwa dukani hivi leo. Mahatma Gandhi, aliyezitilia shaka kubwa mashine, aliitenga cherehani ya Singer na kuihesabu miongoni mwa vitu vichache vya manufaa vilivyopata kubuniwa. Nikishona ninamwelewa.

Kwa maana lazima ushone. Cherehani iliyong'arishwa ikawekwa pembeni kama pambo imeokolewa nusu. Yangu hupinda kanga za nyumba nzima. Mkono wa kulia uko kwenye mpini, wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa. Hairudi nyuma, ukitaka kufunga mwisho wa mshono, unakigeuza kitambaa chenyewe. Ni ya polepole, na katika upole huo mshono unanyooka kuliko wowote niliowahi kuushona kwa mashine ya umeme.

Kama kwenu iko moja stoo, chini ya magunia, usiingoje ifikishwe mzanini. Itoe, itie mafuta ya taa, kisha mafuta yake yenyewe, ununue sindano mpya. Halafu zungusha, gurudumu ligeuke kuelekea kwako. Likienda kinyume, uzi utajisokota.