Mwalimu Anayekosekana katika Rosa Mistika

Wengi wanaoizungumzia Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, huanzia Ukerewe na kuishia Ukerewe, kwa kuwa ndiko nyumbani kwao Rosa. Sisi twapenda kusimama kidogo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, katika chuo cha ualimu anakofika binti huyo akiwa amekwisha kujeruhika. Hapo ndipo riwaya inapotuuma sisi walimu.

Mkuu wa chuo, Thomas, ana cheo na ana uwezo wa kumwinua Rosa. Badala yake anamfanya hawara. Wahakiki humhukumu kwa neno moja, ufisadi, wakaenda zao. Twaona haitoshi. Yatupasa tumtazame pamoja na Zakaria, babake Rosa, mlevi ambaye naye alipata kuwa mwalimu. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya Charles. Kipigo kile hakitoki katika chuki. Ni ulinzi wa mtu asiyejua kulinda. Mmoja anamfungia Rosa mlango, mwingine anamfungulia mlango wa chumba chake, wala hakuna kati yao anayemwuliza Rosa ana dhiki gani.

Baina ya hao wawili pana mwalimu ambaye riwaya haikumpa nafasi ya kukumbukwa, nasi sote twamfahamu. Ni yule ambaye mwanafunzi wake wa zamani, aliyelemewa na maisha, akibisha hodi jioni, yeye hajui aseme nini. Anakohoa. Anasema karibu mara tatu. Anaulizia wazazi, kisha, kwa kukosa maneno, anauliza kama mgeni bado anakumbuka hesabu za sehemu. Amekosea, naye anajua kuwa amekosea. Lakini chai inaletwa, mgeni anakaa, na juma lifuatalo mwalimu yuko njiani, mfukoni ana barua ya kumwombea kazi. Mtu wa namna hiyo hana ufasaha, na labda ndiyo sababu waandishi humpita.

Mila zetu zilimjua. Katika unyago wa pwani na bara yake, Uluguru ikiwamo, kungwi haagani na mwali siku ya kutoka ndani. Humrudia wakati wa ndoa na wa uzazi. Chuo cha Thomas kilitoa cheti tu.

Riwaya hii ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa kuhofia maadili ya vijana, kisha ikaruhusiwa na hata ikawa ya kufundishwa. Walioizuia hatuwadharau, maana waliwapenda vijana; ila waliwapenda kwa namna ya Zakaria. Kezilahabi mwenyewe alikuwa mwalimu, akapata kufundisha Mzumbe, si mbali na mji wa Morogoro. Hakuandika juu ya watu asiowajua.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa sekondari wasizipite upesi habari za Morogoro. Wawaambie wanafunzi waandike: Rosa abishe hodi kwa mwalimu wake wa zamani, kabla mambo hayajaharibika kabisa. Tulipojaribu kazi hiyo darasani, wengi waliandika hotuba ndefu za mawaidha. Kijana mmoja alijaza ukurasa mzima ambamo mwalimu hasemi neno, anatafuta kiti tu.